Acha milimita moja: vipele vya ndevu vinatoka wapi

Katika saluni za kiume za Ngamiani, Tanga, sifa ya kinyozi ni mteja kujipapasa kidevu asikute kitu. Ngozi iteleze. Kikibaki kinywele kinachokwaruza kidole, mteja anarudi kitini na wembe unapita tena, safari hii kutoka chini kwenda juu. Siku mbili tatu baadaye shingo ile ile iliyosifiwa imejaa vipele: vidogo, vigumu, vingine vina kichwa cheupe, na vyote vinawasha jasho likianza. Mwenye shingo analaumu sabuni, au mashine, au anaambiwa ana damu chafu. Wiki inayofuata anarudi kunyolewa vile vile.

Mashine chafu ina madhara yake na nitafika huko. Damu chafu haihusiki kabisa. Vipele hivi vinaletwa na ule ulaini wenyewe, yaani unywele kukatwa karibu mno na ngozi au chini yake. Kinga iliyo kubwa kuliko zote ni kuuacha unywele ubaki nje kidogo, kama milimita moja. Milimita moja ni unene wa kadi ya benki na ziada ndogo tu. Mtu aliyesimama mbele yako haioni, ila kwa ngozi yako tofauti yake ni kubwa sana.

Ukikata unywele ulionyooka na kuutazama kwenye ncha, ni duara. Unywele wa kipilipili umebapa, na kishimo unamoota ndani ya ngozi kimepinda kama upinde. Kwa hiyo hautoki wima kama mche wa mahindi. Unatoka umelala, tayari umeshaanza kujikunja. Ukiukata hapo ulipolala, wembe unauacha na ncha ya mshazari, kali kama ncha ya mkuki. Unaendelea kukua, unajipinda, na ncha ile inaingia kwenye ngozi ya jirani. Hiyo ndiyo njia ya kwanza.

Njia ya pili haionekani. Unywele unavutwa nje kidogo, unakatwa, kisha kile kilichobaki kinarudi ndani ya ngozi. Kinapoanza kukua tena hakifiki hata kwenye mlango wa kutokea, kinatoboa ukuta wa kishimo chake na kuendelea kukua ndani kwa ndani.

Kwa mwili, unywele uliotoboa nyama ni kitu kigeni, hauna tofauti na mwiba wa changu uliochoma kidole. Mwili unapeleka askari wake, mahali panavimba, panakuwa pekundu au peusi, pengine panatunga usaha. Usaha huo mara nyingi ni wa mapambano hayo tu na hauna vijidudu, ndiyo maana vidonge vya antibayotiki vinavyonunuliwa kwa kukisia haviponyi. Vijidudu huja baadaye, mtu akishatumbua kwa kucha.

Ndevu hukua kiasi cha milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, yaani sentimita moja hivi kwa mwezi. Ukiijua hesabu hiyo, mengi yanaeleweka. Siku ya kunyoa hakuna kitu. Siku ya tatu unywele umepata urefu wa kutosha kujipinda na kuchoma, na vipele vinajitokeza. Mtu anaona vipele, anadhani ndevu ndizo zinazomsumbua, ananyoa tena juu ya vipele, anakata vichwa vyao, na mzunguko unaanza upya juu ya ngozi yenye vidonda.

Shingo huathirika kuliko mashavu kwa sababu pale nywele hazielekei upande mmoja. Chini ya taya zinaweza kwenda pembeni kuelekea sikio, karibu na koromeo zikapanda juu, na wengine wana mahali zinapozunguka kama kisogoni. Wembe unaopita upande mmoja shingo nzima lazima mahali fulani utakwenda kinyume. Kabla ya kubadilisha sabuni, jua ramani ya shingo yako: acha ndevu siku tatu au nne, kisha pitisha kona ya kadi ngumu polepole kila upande. Inapoteleza ndiko zinakoelekea, inapokwama ni kinyume. Fanya hivyo sehemu sita au saba, uziweke kichwani, na umweleze kinyozi wako.

Ukishaelewa njia zile mbili, utaona kwamba karibu kila kosa la kunyoa ni kosa moja lenye sura nyingi. Kuvuta ngozi kwa vidole ili iwe tambarare kunaunyanyua unywele, ukikatwa unazama. Kunyoa kinyume hufanya hivyo hivyo. Nyembe za plastiki zenye makali mawili au matatu zimebuniwa kwa kazi hiyo: la kwanza linaunasa unywele na kuuvuta, la nyuma yake linaukata chini ya usawa wa ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka anafurahia. Mwenye kipilipili anajipandia miiba. Wembe butu unalazimisha mkono ukandamize, na ngozi iliyokandamizwa inabonyea na kuusukuma unywele nje. Kunyoa pakavu kunaleta butu hilo hilo, kwa kuwa udevu mkavu ni mgumu kukatika.

Spiriti basi? Kinyozi akimaliza anamwagia pamba, anapaka, mteja anakunja uso, na maumivu yale yanaonekana kama ushahidi kwamba dawa imefanya kazi. Spiriti inaua vijidudu vilivyo juu ya ngozi, hilo ni kweli. Haina uwezo wowote juu ya unywele uliokwisha kukatwa na kuzama, na inaikausha ngozi hadi tabaka la juu linakuwa gumu na kuzidi kuufungia njia. Kuipaka kwenye meno ya mashine kuna faida kubwa zaidi kuliko kuipaka shingoni.

Kama vipele vipo tayari

Acha kunyoa. Hakuna krimu itakayoshinda vita ambayo wembe unaianzisha upya kila Ijumaa. Wiki nne ni muda wa kawaida, waliozidiwa wanahitaji sita. Wiki ya kwanza hali inaweza kuwa mbaya zaidi, maana nywele zilizokwisha kukatwa bado zinakua na kuchoma, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakakimbilia saluni. Vumilia. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu vipele vipya vinapungua. Unywele ukikaribia sentimita moja unapata nguvu ya kujifyatua, na ile ncha iliyokuwa imechoma inatoka yenyewe. Kama huwezi kukaa na ndevu wiki nne kwa sababu ya kazi, zipunguze kwa mkasi au mashine yenye kichana, zisishuke chini ya milimita tatu.

Asubuhi na jioni, chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika mkononi, kamua, weka shingoni dakika tano. Kisha tumia mswaki laini, usiotumika kwa meno, uzungushe polepole juu ya eneo lile kwa dakika moja au mbili pamoja na povu la sabuni isiyo kali. Unazinyanyua zile nywele zinazotaka kuingia. Usisugue mpaka paume.

Ukiona kitanzi cha unywele juu ya ngozi, ncha zote mbili zikiwa ndani, unaweza kukinyanyua. Chemsha sindano dakika kumi au ipake spiriti uiache ikauke, ipitishe chini ya kitanzi, vuta juu hadi ncha moja iachie. Basi. Usiung'oe. Unywele uliong'olewa unaanza upya kutoka kwenye mzizi, ndani kabisa, na safari yake ya kutoka ina nafasi nyingi za kupotea. Kama kitanzi hakionekani, usichimbe. Makovu mengi ya shingoni yametokana na kuchimba.

Kwenye famasi omba dawa kwa jina la kiambata chake, usitazame picha ya boksi. Asidi ya salisiliki asilimia 2 inalainisha tabaka la juu lililofunga njia: anza usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, kwa sababu ngozi ikizoeshwa kwa haraka inachubuka. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 inafaa penye vichwa vya usaha. Inapausha nguo na taulo, kwa hiyo lala na fulana kuukuu. Haidrokotizoni asilimia 1 inatuliza mwasho, siku tano hadi saba tu kisha unaacha.

Hapa nisimame kidogo, maana pana hatari ambayo watu wanaibeba bila kujua. Madukani kuna tyubu zenye steroidi kali, klobetasoli na betamethasoni, nyingine zimechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja. Mtu anapaka, siku ya pili vipele vimelala, anaamini amepata tiba. Zinalaza mwili usipigane na unywele ule, unywele wenyewe haujatoka. Ukiacha, vinarudi kwa kasi. Ukiendelea kwa wiki na miezi, ngozi ya uso inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, zinatoka chunusi za dawa juu ya vipele vya awali, na fangasi kama alikuwepo anasambaa kwa raha. Usipake hizo usoni bila daktari kukuandikia. Krimu za kung'arisha zinazopakwa ili kufuta madoa meusi yaliyoachwa na vipele nazo mara nyingi zimefichiwa steroidi au zebaki. Madoa yale yanafifia yenyewe kwa miezi sita hadi mwaka, mradi vipele vipya visitokee na jua lisiyachome moja kwa moja.

Mashine kabla ya wembe

Kwa mwenye historia ya vipele, mashine ya umeme ni bora kuliko wembe, kwa sharti moja: isiwe imekazwa mpaka mwisho. Meno ya mashine ni safu mbili, moja imetulia na nyingine inacheza. Vinyozi wengi hulegeza skrubu mbili za nyuma na kusogeza safu inayocheza hadi ilingane kabisa na iliyotulia, ili ikate sawasawa na ngozi. Mashine ya namna hiyo inafanya kazi ya wembe, na inaleta vipele vya wembe. Safu inayocheza irudi nyuma kidogo, nafasi ya unene wa kitambulisho cha plastiki, kisha skrubu zikazwe. Ukiwa na kichana, namba nusu inaacha milimita 1.5 na namba moja inaacha milimita 3.

Ipitishwe kwa wepesi, kufuata nywele zinakoelekea, mara moja, mara mbili ikibidi. Ngozi isivutwe. Na "kuchonga" pembeni kwa wembe baada ya mashine, ule mstari mkali wa shavuni na shingoni, ndiko kunakoharibu kazi yote: vipele vitapangana palepale kwenye mstari. Mwambie tu, "Fundi, nichonge kwa mashine, wembe uache."

Anayelazimika kutumia wembe, kama askari na walinzi ambao kazi inawataka nyuso safi, anyoe nyumbani, baada ya kuoga. Udevu unahitaji dakika tatu hivi za maji ya uvuguvugu ili ulainike. Sabuni ya mche ni ya nguo, magadi yake yanaikwangua ngozi kabla wembe haujafika. Tumia krimu ya kunyolea, au sabuni ya mtoto yenye povu zito, na uache povu likae dakika mbili nyingine. Pwani hii kuna visima vingi vyenye maji ya chumvi ambayo hayatoi povu. Kwa kunyoa, tenga kikombe kimoja cha maji baridi, yaani matamu.

Chukua kishikio chenye wembe mmoja, ukiulaza kiasi cha nyuzi 30 kwenye ngozi. Uzito wa kishikio chenyewe unatosha, usikandamize. Mikato mifupi ya sentimita mbili, kufuata ile ramani yako, ukisuuza wembe kila baada ya mikato miwili. Sehemu moja isipitiwe zaidi ya mara mbili, na mara ya pili usigeuze upande. Utabaki na ukwaruzaji kidogo kidoleni, na ndivyo inavyotakiwa. Maliza kwa maji baridi, bonyeza taulo bila kusugua, paka losheni nyepesi isiyo na manukato. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi ni mazito mno kwa shingo iliyotoka kunyolewa, hasa joto la Kaskazi linapoanza na jasho haliishi. Wembe utupwe baada ya kunyoa mara tatu hadi tano. Ukiuona una doa la kutu umechelewa.

Krimu za kuyeyusha nywele ni njia nyingine, nzuri kwa wengine, kwa sababu zinauacha unywele na ncha butu. Ila zinayeyusha nywele kwa kemikali, na ngozi nayo ni jamaa ya nywele. Jaribu kwanza nyuma ya sikio au chini ya taya, subiri saa 24. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye boksi, usiongeze hata moja, na usitumie zaidi ya mara moja kwa wiki wala juu ya vipele vilivyopasuka. Leza inaweza kupunguza nywele kwa muda mrefu. Kwa ngozi nyeusi inayofaa ni ya mawimbi ya nanomita 1064, na swali hilo ulizwe kabla ya kulipa, kwa kuwa za ngozi nyeupe zinaunguza.

Kisogo, kwapa na mavuzi

Vipele vya kisogoni watu huviita kwa jina moja na vya ndevu, lakini vina tabia mbaya zaidi. Vinaanza kama punje mbili tatu kwenye mstari wa nywele, vinawasha, na visipoachwa vitulie vinaungana kuwa kovu gumu lililoinuka ambapo nywele hazioti tena. Mwenye dalili hizo asinyolewe kipara wala asichongwe kisogo. Namba moja, basi. Kola ngumu zinazosugua zipumzishwe. Kovu likishaanza kuinuka, usikubali likatwe wala lichomwe mtaani, kwani makovu ya aina hiyo hurudi makubwa kuliko ya kwanza.

Sehemu za siri na kwapa zina masharti yao. Waislamu wa mwambao wanajua kuwa kuondoa nywele hizo ni katika usafi wa sunna, na Hadithi iliyopokewa kwa Anas bin Malik imeweka ukomo wa siku 40. Siku 40 ni ukomo wa mwisho, na anayenyoa kila baada ya siku tatu kwa kudhani ndiyo usafi anaiumiza ngozi bila kulazimishwa na mtu. Kunyoa kila wiki mbili au tatu kunaipa nafasi ya kupona. Punguza kwanza kwa mkasi, oga kwa maji ya uvuguvugu, nyoa kufuata nywele. Za kwapa huelekea pande mbili, nusu ya juu inapanda na nusu ya chini inashuka, kwa hiyo anza katikati kwenda nje. Nguo ya ndani iwe ya pamba na isibane siku mbili za mwanzo.

Kwa kina mama na biharusi wanaoandaliwa, sukari iliyochemshwa kwa ndimu inang'oa vizuri, ila nywele ziwe zimefikia urefu wa punje ya mchele. Fupi kuliko hapo zinakatikia ndani, na zilizokatikia ndani ndizo zinazoota ndani. Singo, ule mchanganyiko wa kusugulia ngozi, isuguliwe siku mbili kabla, ikisha kuondoa ngozi iliyokufa inafungua njia. Siku ile ile ya kung'oa, singo, marashi na maji ya bahari vikae mbali. Baada ya siku tatu, dodoki laini mara mbili kwa wiki linatosha. Dodoki la katani tuliache kwa visigino. Na mwanamke anayeota ndevu nyingi za kidevuni huku siku zake zimevurugika, hilo ni suala la homoni na linahitaji daktari kabla ya wembe.

Saluni na hospitali

Usafi wa vifaa hauzuii unywele kujipinda, ila unazuia mambo mabaya zaidi ya kipele. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai juu ya kifaa kikavu kwa siku saba au zaidi, na tone la damu lisiloonekana linatosha. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Meno ya mashine yapigwe brashi kwanza kuondoa nywele na mafuta, ndipo yapakwe spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke yenyewe. Spiriti juu ya uchafu haifiki chini. Vichana vya plastiki vioshwe kwa sabuni, kisha vikae dakika kumi kwenye dawa ya klorini: chupa ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Kile kisanduku chenye taa ya buluu kinaua pale tu mwanga wake unapogusa, kilichofichika kati ya meno hakiguswi. Mwenye mashine yake ya nyumbani anaibeba saluni kwenye mfuko, na kinyozi mzuri haoni vibaya.

Nenda hospitali kama uvimbe unapanuka na una joto, kama una homa, kama kovu linainuka, kama kuna duara lenye magamba na nywele zinazonyofoka kwa urahisi, ambalo huenda ni fangasi, au kama una kisukari na kidonda hakifungi. Kwa mtu wa Tanga pa kuanzia ni hospitali ya Bombo, na wanaohitaji mabingwa wa ngozi wana hospitali ya KCMC kule Moshi, ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Usinyoe siku tatu kabla ya kwenda, ili daktari azione nywele zinavyotoka. Na beba kila tyubu uliyowahi kupaka, hata iliyokwisha.